Kwa nini Hellboy ananikumbusha hadithi za bibi kuliko filamu za mashujaa?

Mwana wa Pangani aliuliza:

Ndugu zangu, assalaam alaykum na habari za leo. Nina swali ambalo nimeshindwa kulijibu peke yangu. Miezi michache iliyopita binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Uingereza aliniachia vitabu vitatu vya mfululizo wa katuni uitwao Hellboy, na mimi, ambaye tangu nimalize sekondari sikuwa nimeshika katuni nyingine isipokuwa magazeti ya zamani ya Sani yaliyokuwa kwenye kabati la baba, nilivimaliza kwa siku nne kisha nikarudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya.

Kwa wasioufahamu, mfululizo huu ni kazi ya mchoraji wa Kimarekani, Mike Mignola, ambaye kabla yake alikuwa akiwachora wahusika wa kampuni kubwa za katuni za kwao. Mhusika wake alionekana mara ya kwanza mwaka 1993, na mwaka 1994 kampuni ya Dark Horse ikatoa hadithi ndefu ya kwanza, Seed of Destruction, ambayo maneno yake yaliandikwa na John Byrne kwa kuwa Mignola alikuwa bado hajiamini katika uandishi. Baadaye akaandika mwenyewe. Kisa kinaanza tarehe 23 Desemba 1944, Rasputin, yule Mrusi aliyesifika kwa mambo ya ghaibu, anapowafanyia Wanazi kafara kwenye kisiwa cha Uskochi ili kumwita kiumbe wa kuleta kiama. Kinachotokea, ndani ya magofu ya kanisa moja huko Uingereza, ni katoto kekundu kenye mkia, pembe na mkono wa kulia wa jiwe. Profesa mmoja anamchukua na kumlea, naye anakua akiwa mtumishi wa idara ya siri inayochunguza mambo ya ghaibu. Pembe zake huzikata na kuzisugua hadi zikabaki vigutu viwili juu ya macho, kama miwani iliyopandishwa pajini.

Filamu za mashujaa wanaoruka angani huniletea usingizi, kwa hiyo nilitarajia hata hiki kinichoshe. Badala yake kilinirudisha kwenye baraza la bibi yangu mzaa baba, baada ya sala ya isha, kibatari kikiwa chini ili mafuta ya taa yasiishe upesi, sisi wajukuu tumebanana kwenye mkeka mmoja. Bibi alituasa kwamba tukikutana usiku na mwanamke mzuri kupita kiasi, tusimtazame uso bali tumtazame miguu, kwa maana jini anaweza kujigeuza kila kitu isipokuwa kwato zake. Sasa fikirini nilivyoshtuka nilipomtazama huyu Hellboy miguuni nikaona kwato! Kwa malezi yangu, huyo ndiye wa kukimbiwa, ilhali hadithi inanitaka nimpende, nami nimempenda.

Swali langu ni hili: ni kitu gani hasa ndani ya kazi hii kinachofanya hadithi za Waayalandi, Warusi na Wajapani, watu ambao sina undugu nao, zinigonge kama za nyumbani? Je, ni kumbukumbu za utoto tu zinazonidanganya, au kuna ufundi ambao mimi, kwa kutoijua sanaa hii, siuoni?

Binti Mvita alijibu:

Kaka Mwana wa Pangani, hukudanganywa na kumbukumbu. Nimeufuatilia mfululizo huu kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kinachokugonga ni miiko. Katika hadithi nyingi za kisasa zenye majini na mazimwi, kiumbe wa ghaibu hushindwa kwa nguvu: anayepiga zaidi ndiye anayeshinda. Katika ngano, na katika hadithi bora za Mignola, kiumbe hushindwa kwa kanuni. Kuna saa, kuna kizingiti, kuna chuma, kuna neno lililotamkwa ambalo halirudi, na Hellboy, pamoja na ngumi yake ya jiwe, mara nyingi hupigwa kama mbwa mwizi mpaka pale anapoikumbuka kanuni.

Chukua hadithi fupi ya The Corpse, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Ni Ayalandi, mwaka 1959. Mtoto mchanga ameibwa na watu wa chini ya ardhi, na ndani ya kitanda chake wameweka kiumbe wao aliyejifananisha naye. Wazazi wanahisi kwamba huyu si mtoto wao lakini hawawezi kuthibitisha. Hellboy anamgusisha chuma, na hapo hapo yule kiumbe anajifichua. Sasa jiulize, kaka, kwenu Pangani mama akijifungua, bibi huweka nini chini ya mto wa mtoto? Kwetu Mvita ni kisu, na mkononi mwa mtoto hufungwa mvuje ndani ya kitambaa cheusi, unaonuka mpaka wageni wanakunja pua. Sijawahi kumsikia mzee akieleza kwa nini chuma, wala Mignola haelezi. Ukifika ukurasa ule, mkono wako umeshakijua kile kisu kabla akili haijauliza.

Kisha ili aelekezwe alipo mtoto wa kweli, Hellboy anapewa sharti: ambebe maiti mgongoni na kumzika katika ardhi ya kanisa kabla jua halijachomoza. Maiti anampanda mgongoni, anamkaba shingo, nao wanaondoka usiku kutoka kanisa hadi kanisa, na makaburini wafu wenyewe wanamkatalia mgeni nafasi. Kisa hiki Mignola hakukibuni. Ni ngano ya Kiayalandi ya Teig O'Kane, iliyofasiriwa na Douglas Hyde, yule msomi ambaye mwaka 1938 alikuwa rais wa kwanza wa Ayalandi, na kuchapishwa katika mkusanyiko wa mshairi W. B. Yeats mwaka 1888. Mignola mwenyewe hutanguliza maelezo mafupi kabla ya hadithi katika vitabu vyake vya mkusanyo akisema ameitoa wapi, jambo ninalolihesabu kuwa adabu, kwa sababu mtambaji mwema husema, "Hii nilipewa na fulani."

Tena yapo mahali anapoigeuza kanuni, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kuna hadithi ya kurasa mbili tu iitwayo Pancakes, ya mwaka 1999. Hellboy ni mtoto mdogo katika kambi ya jeshi huko New Mexico mwaka 1947, anakataa kula chapati za maji kwa sababu hajawahi kuzionja, mtu mzima anambembeleza, anaonja, anazipenda. Kisha tunaonyeshwa jehanamu, ambako mashetani wanapiga mayowe ya kilio kwamba wamekwisha kumpoteza, hatarudi tena. Watu hucheka, na ni halali kucheka. Lakini bibi yako hakukwambia kwamba ukijikuta kwenye karamu ya majini usitie kitu kinywani, kwa maana ukila chakula chao umekuwa wao? Wangu alisema utakijua kwa kukosa chumvi. Mignola ameshika sharti lile lile akaligeuza upande wa pili: mtoto wa mashetani amekula cha wanadamu, basi amekuwa wetu. Jambo ambalo mwingine angeliandikia kitabu kizima yeye amelimaliza kwa sahani moja.

Na Baba Yaga, yule kikongwe wa Warusi anayesafiri angani ndani ya kinu akijipigia kasia kwa mchi? Katika hadithi hizi huja makaburini kuhesabu vidole vya maiti, na Hellboy anamtoboa jicho kwa risasi. Kisasi cha jicho hilo kinadumu kwa vitabu kadhaa. Mzungu wa leo anapokiona kinu angani huenda akakiona kichekesho, kwa sababu nyumbani kwake hakipo. Mimi nilipokiona nilikumbuka makofi niliyopigwa kwa kukaa juu ya kinu.

Mchoraji wa Keko alijibu:

Dada Binti Mvita amesema yote kuhusu miiko, nami sina la kupinga. Lakini sisi tunaoshika kalamu tutakwambia kwamba hadithi hizo hizo zikichorwa na mtu mwingine zinaweza kuwa mzaha mtupu, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo kuhusu wino.

Fungua ukurasa wowote uliochorwa na Mignola mwenyewe, kisha ufumbe macho nusu. Utaona kwamba sehemu kubwa ya ukurasa ni nyeusi tii. Wachoraji wengi hutumia weusi kama kivuli cha kitu. Yeye huanza na weusi, kisha anakatakata ndani yake vipande vichache vya mwanga: ncha ya pua, ukingo wa bega, vidole vitatu, jino. Mwili uliobaki unaujaza wewe msomaji. Rangi nazo, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa kazi ya Dave Stewart, hupakwa bapa bila kung'arishwa, kiasi kwamba wekundu wa Hellboy unabaki peke yake katikati ya kijivu na kijani kilichofifia, kama kaa la moto jikoni usiku. Mwana wa Pangani ametaja kibatari kilichowekwa chini, na nadhani alikuwa ameshajijibu swali lake bila kujua. Taa iliyo chini huangazia kidevu na kuacha macho gizani. Uso wa bibi yako ulikuwa ukurasa wa Mignola.

Jambo la pili ni ukimya. Katikati ya mapigano, wakati zimwi limenyanyua jabali na ngumi iko njiani, Mignola huingiza kisanduku kidogo chenye sanamu ya mtakatifu ukutani, au chura, au fuvu, au jani linaloanguka, bila kiputo hata kimoja cha maneno. Kwa mujibu wa kisa, kisanduku hicho hakina kazi. Kwa mujibu wa utambaji, kina kazi ile ile ya bibi aliyenyamaza ghafla, akageuza uso kuelekea mlangoni kana kwamba amesikia kitu, kisha akaendelea. Nimewahi kujaribu kuiga mbinu hii katika kazi ya kujipatia riziki, nikaambiwa na mteja kwamba nimeacha nafasi tupu ambazo yeye amezilipia.

Ndiyo maana filamu, hata zile mbili za Hellboy za mwongozaji Guillermo del Toro za mwaka 2004 na 2008 ambazo nazipenda kwa haki zake, hazinipi kitu kile kile. Zinaonyesha kila jicho, kila gamba, kila ute. Hufanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini ukishaliona zimwi lote, umebaki na mnyama.

Na kwa sisi wa huku, kuna mahali pengine ambapo macho yetu yamefunzwa. Nilikulia karibu na wachongaji wa Kimakonde, wale wanaochonga mashetani: jicho moja hapa, mdomo kule, mguu unaoota mahali pa mkono, na tundu katikati ya mti ambamo hewa yenyewe inakuwa sehemu ya mwili. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachukua mashetani hao akawatia rangi na ucheshi mpaka wakacheza ngoma kwenye turubai. Mashetani wake wanafurahi kupita wa Mignola, na ninadiriki kusema wana maisha zaidi, lakini ujuzi wa kuacha kiungo ili jicho la mtazamaji likiongeze ni mmoja.

Mwalimu wa Kusini alijibu:

Nimesoma michango yote kwa furaha, nami naipenda kazi hii, lakini naona tunaisifu kwa namna inayoficha jambo moja. Nitalieleza kwa kutumia hadithi ambayo inatuhusu zaidi kuliko za Ayalandi na Urusi, na ambayo nashangaa hakuna aliyeitaja.

Mwaka 2006 ilitoka hadithi iitwayo Makoma, iliyoandikwa na Mignola na kuchorwa kwa sehemu kubwa na Richard Corben. Hellboy yuko New York mwaka 1993, katika klabu ya wavumbuzi, ambamo mwili wa mtu wa kale uliokaushwa unaanza kumtambia kisa cha shujaa wa Kiafrika, na kadiri kisa kinavyosonga, huyo shujaa ana umbo la Hellboy mwenyewe. Ngano iliyotumika ni ya Sena, mji ulio kwenye kingo za Zambezi nchini Msumbiji, ambako wafanyabiashara Waislamu wa pwani yetu walikuwa wakifanya biashara kabla Wareno hawajafika katika karne ya 16. Andrew Lang, mkusanyaji wa ngano wa Kiskoti, aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1906 katika kitabu chake cha ngano chenye jalada la rangi ya chungwa.

Katika ngano yenyewe, Makoma anazaliwa akiwa na mfuko mkubwa na nyundo ya chuma, anajitaja jina mwenyewe, anajitosa katika kidimbwi cha mamba na kutoka akiwa mtu mzima. Njiani anakutana na majitu, anayagonga kwa nyundo na kuyatia mfukoni moja baada ya jingine. Na hapa ndipo ninapotaka mtulie kidogo, kwa sababu majina ya majitu hayo, jinsi Lang alivyoyaandika, ni Chi-éswa-mapíri, atengenezaye milima, Chi-dubula-táka, achimbaye mito, Chi-gwísa-míti, apandaye miti, na Chi-ídea-móto, alaye moto. Mtoto wa darasa la tatu wa Lindi atakusomea "miti" na "moto" humo bila mkalimani. Msomaji wa London wa mwaka 1906 aliona sauti za ajabu, na msomaji wa Marekani wa mwaka 2006 bila shaka aliona vivyo hivyo. Sisi tunaona binamu zetu.

Sasa hoja yangu. Kisa kilitambwa kwa Kisena, kikaandikwa kwa Kiingereza, kikakaa kwenye rafu kwa miaka mia moja, kikachorwa Marekani, na ndipo kimetufikia sisi tunaoishi jirani na Zambezi kama zawadi kutoka ng'ambo. Simlaumu Mignola, kwa kuwa yeye alisoma kitabu kilichokuwa mbele yake na akakipenda kwa dhati. Hata hivyo, ilipofika zamu ya Mwafrika kutamba, msimuliaji aliyepewa kazi ni maiti iliyokauka ndani ya klabu ya wasafiri, na sidhani kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekunja uso. Mwayalandi katika The Corpse ana baba na mama wenye hofu na kitanda cha mtoto. Makoma ana makumbusho. Pengine ndiyo sababu hadithi ile, ingawa Corben ameichora kwa nguvu, hainipi baridi ya uti wa mgongo, kwani imepoteza nyumba iliyotoka.

Mtaniuliza kwa nini basi sisi hatuchori za kwetu. Vipaji tunavyo, na hadithi tunazo. Katika kitabu cha ngano za Unguja alichokichapisha mmisionari Edward Steere mwaka 1870 yumo Nunda mla watu, paka wa sultani anayeachiwa ale kuku, kisha mbuzi, kisha watu, kwa sababu tu sultani hataki kusikia paka wake akisemwa. Na yumo kijana anayeua mnyama mmoja baada ya mwingine akimletea mama yake, naye mama akimjibu kila mara kwamba siye huyu. Kila ninapoifundisha darasani, wanafunzi huanza kuitikia jibu la mama kabla sijalitamka. Yupo Fumo Liongo, ambaye hadhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, sawa kabisa na yule Koshchei wa Warusi aliyeficha roho yake ndani ya yai, ambaye Mignola amempa nafasi kubwa.

Lakini kuna ugumu ambao Mignola hanao. Ngano anazozitumia yeye zimeshapoa. Hakuna mtu Dublin leo atakayempiga jirani yake kwa kumshuku kuwa ni mtoto aliyebadilishwa. Zetu nyingine bado zina moto. Mwaka 1995 habari za popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku, zilipotapakaa Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati uliodhani ndiye. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho yao, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mchoraji wa kwetu akimchora kikongwe anayeruka na kinu usiku, anachora kitu ambacho mtu fulani kijijini atakichukulia kuwa ushahidi. Simaanishi asichore. Namaanisha kwamba hawezi kukopa tu wino wa Mignola na kuubadilisha majina. Itambidi aamue, katika kila kisanduku, anasimama upande gani wa ule umati.

Mzee wa Ndizini alijibu:

Vijana wangu, mmeandika vizuri, lakini mimi nina wajukuu watatu wanaosoma kila kinachoachwa mezani. Mhusika aliyetoka jehanamu, mwenye mkia, ndiye anayependwa? Naomba mnijibu kwa unyofu kama kitu hiki kinafaa kuwa nyumbani.

Binti Mvita alijibu:

Shikamoo mzee wetu. Kwa watoto wadogo hakifai, kwa sababu kuna damu, maiti na mambo ya kafara yasiyofichwa. Kwa mjukuu wa miaka kumi na mitano na kuendelea ningemwachia, tena ningeanza na hadithi fupi kabla ya zile ndefu za Rasputin. Kuhusu jehanamu, kisa kizima ni cha kiumbe anayeambiwa na kila anayekutana naye kwamba ameumbwa kuiangamiza dunia, naye kila mara anakataa, anavaa koti lake na kwenda kumtafuta mtoto wa mtu aliyepotea. Huyo mtoto wa The Corpse, kwa taarifa yako, hukua na kurudi katika vitabu vya baadaye akiwa mwanamke mzima, na nadhani utampenda.

Mwalimu, hoja yako ya Makoma naikubali kuhusu maiti ya makumbusho. Siikubali kuhusu baridi ya uti wa mgongo, lakini hilo ni suala la uti wa mgongo wa nani.

Mwana wa Pangani alijibu:

Nawashukuruni nyote, na hasa Mwalimu, ambaye amenifanya nimsome Makoma upya nikiwa na kalamu mkononi. Nimegundua kwamba majina ya majitu nilikuwa nimeyaruka mara ya kwanza kama mgeni, wakati kumbe yalikuwa yakiniita.

Bibi aliyetutambia ameshatangulia mbele ya haki, ila mdogo wake yu hai, anakaa ng'ambo ya mto, Bweni. Ijumaa iliyopita nilivuka na pantoni nikiwa na kile kitabu mfukoni, na baada ya chakula nikamwomba ruhusa nimtambie mimi, badala ya yeye kunitambia. Alicheka, lakini akajiweka sawa. Nikasema "Paukwa," akajibu "Pakawa," nikaanza kisa cha maiti mgongoni, kwa Kiswahili, bila kutaja Ayalandi, nikimwonyesha picha pale tu nilipoona nimeelemewa. Alisikiliza kimya kuhusu mtoto aliyebadilishwa, na nilipofika kwenye chuma aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayesikia bei anayoijua.

Nilipofika makaburini, wafu wanapokataa kumpokea yule maiti, alinyoosha mkono kunizuia.

"Ngoja kwanza, baba. Huyo maiti alikoshwa?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Sanda je?"

Nikamwonyesha picha. Aliisogeza karibu na taa, akamtazama yule maiti na nguo zake zilizochakaa kwa muda mrefu, kisha akanirudishia kitabu.

"Basi wana haki ya kumkataa," akasema. "Endelea."